Mpwa Wangu, Mimi, na Kimeng'enya Tunachokikosa

Ukitaja selimundu mbele ya watu wa Kigoma, ni wachache watakaokuuliza ni kitu gani, kwa maana wengi wana ndugu au jirani anayeishi nayo. Ukitaja upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, hata muuza dawa mzoefu anaweza kukuomba urudie. Tofauti hiyo haitokani na uchache wa wenye hali hiyo, kwa sababu inakadiriwa kuwa watu zaidi ya milioni 400 duniani wanayo, wengi wao wakiwa katika nchi zenye malaria kama yetu. Inatokana na tabia ya hali yenyewe. Mwenye upungufu huu, katika siku zake za kawaida, haumwi chochote: anakula, anacheza mpira, anakwenda ziwani, anaoa, anazeeka, na anaweza kuzikwa bila mtu yeyote kujua kuwa chembe nyekundu za damu yake zilikuwa na kasoro. Kasoro hiyo hujitokeza pale anapokutana na kichokozi, ambacho mara nyingi ni kidonge alichopewa kwa nia njema.

Mpwa wangu alikutana na kidonge hicho akiwa na umri wa miaka minne. Alikuwa na homa ya kuja na kuondoka, na alilalamika kuwa anaumia anapokojoa. Mama yake, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, alimpeleka kwenye duka la dawa la karibu, kwa kuwa siku hiyo dagaa wake walikuwa wameanikwa pale Kibirizi na wingu lilikuwa linajikusanya juu ya ziwa. Muuzaji alitamka neno ambalo siku hizi hutamkiwa kila anayeshika tumbo, UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akatoa nitrofurantoini, dawa ya kuua bakteria, bila mkojo kupimwa. Aliongeza maelezo ambayo, kwa bahati mbaya, yalikuwa ya kweli: dawa hiyo hugeuza rangi ya mkojo, kwa hiyo mama asiogope. Nitrofurantoini huugeuza mkojo wa mtu yeyote kuwa wa hudhurungi na jambo hilo peke yake halina madhara. Ndiyo maana mkojo wa mtoto ulipofanana na chai ya rangi iliyokolea, dada yangu hakushtuka, kwa sababu alikuwa ameambiwa kabla.

Aliyeshtuka ni mkwe wake, bibi wa mtoto, anayeishi nao Ujiji. Yeye hakuutazama mkojo. Asubuhi ya siku ya pili alimvuta mtoto kope la chini akakuta sehemu ambayo ilipaswa kuwa nyekundu imepauka, na weupe wa jicho umeingia unjano. Kisha akamfungua viganja, navyo vilikuwa vimekwajuka. Hospitalini kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, lakini wingi wa damu ulikuwa chini ya gramu 5 kwa desilita, na mtoto alipumua kwa haraka hali amelala tu. Aliongezewa damu usiku uleule, na ile dawa ikasitishwa.

Daktari aliyempokea alikuwa mtu wa maneno machache, lakini maswali yake yalikuwa na mpangilio ambao sikuuelewa mpaka baadaye. Aliuliza kama mtoto aliwahi kupata manjano alipokuwa kichanga. Dada yangu akajibu kuwa ndiyo, siku ya tatu baada ya kuzaliwa, akawekwa chini ya taa za mwanga wa bluu na kuruhusiwa. Kisha akauliza nguo na mablanketi ya kichanga yule yalitoka wapi. Tulitazamana. Bibi ndiye aliyejibu, kwa fahari kidogo, kwamba vitenge na blanketi vilitoka katika sanduku lake mwenyewe, na kwamba vilikuwa visafi kabisa kwa sababu huwa anavihifadhi kwa naftalini.

Zile punje nyeupe tunazoweka kabatini kufukuza wadudu ni miongoni mwa vichokozi vinavyojulikana vya upungufu wa G6PD, hasa kwa vichanga, ambao hufunikwa gubigubi na kuvuta mvuke wake usiku kucha, na wengine hulamba pindo la nguo. Manjano ya siku za mwanzo huwapata vichanga wengi na mara nyingi huisha yenyewe, lakini kwa kichanga mwenye upungufu huu chembe za damu zinaweza kuvunjika kwa kasi kiasi kwamba bilirubini, ile rangi ya njano inayotokana na kuvunjika huko, ikaingia kwenye ubongo. Anayepona anaweza kubaki na uziwi au mtindio wa ubongo. Juu ya ngozi yetu nyeusi manjano hayaonekani upesi, na ni vyema mama na bibi wajue mahali pa kutazama: weupe wa jicho, fizi, viganja na nyayo, au ngozi ya pua ikibonyezwa kwa kidole na kuachiwa. Kumwanika mtoto juani asubuhi, ambako wengi wetu tumelelewa nako, hakutoshi kuwa tiba pale manjano yanapozidi. Mpwa wetu alipona mara ile ya kwanza, na hakuna aliyeuliza ni kwa nini yalimpata, kwa kuwa alikuwa amepona.

Kinachokosekana ni nini hasa? G6PD ni kifupisho cha glukosi-6-fosfeti dihaidrojenesi, kimeng'enya kilichomo katika kila seli ya mwili, lakini ambacho chembe nyekundu ya damu inakitegemea kuliko seli nyingine zote. Chembe nyekundu haina kiini, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya pindi cha zamani kinapochakaa. Ilichozaliwa nacho ndicho itakachoishi nacho kwa takriban siku 120. Tena imebeba oksijeni, ambayo ni uhai wetu lakini pia ni kitu kikali kinachoweza kuiharibu hemoglobini inayoibeba. Kazi ya G6PD ni kuiwezesha chembe kuhuisha akiba yake ya glutathaioni, ambayo ndiyo inayozima ukali huo. Kikipungua, chembe inamudu siku za kawaida, lakini ikiingia dawa inayoongeza ukali huo, hemoglobini hubadilika umbo na kuganda vipandevipande ndani ya chembe, bandama huiona chembe hiyo kuwa mbovu na kuiondoa, na nyingine hupasuka ndani ya mishipa na kumwaga hemoglobini inayotoka kwa njia ya mkojo. Hayo huanza ndani ya siku moja hadi tatu baada ya dawa kuingia mwilini, na ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Kipimo cha kwanza, kilichochukuliwa mtoto akiwa bado wodini, kilitoka na majibu ya kawaida. Shemeji yangu alifurahi, na nilimwelewa. Daktari hakufurahi. Alieleza kuwa katika aina ya upungufu iliyoenea zaidi Afrika, chembe changa huwa na kimeng'enya cha kutosha na chembe kuukuu ndizo zinazokikosa. Kwa hiyo shambulio linapotokea, zile kuukuu ndizo zinazokufa, mwili unamwaga chembe changa kufidia, na anayepima wakati huo anapima zilizosalimika. Pamoja na hizo, mtoto alikuwa na damu ya mtu mwingine mwilini. Alitutaka turudie baada ya miezi mitatu, na akaniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale, kwamba mjomba naye angefanya vyema kupima. Nakiri kuwa kati ya yote niliyoyasikia katika suala hili, maelezo haya ndiyo ninayotamani kila mzazi ayapate, maana majibu ya kawaida yaliyochukuliwa siku mbaya yanaweza kumfunga mtu macho kwa miaka.

Miezi mitatu ilipotimia nilimchukua mtoto kwa basi hadi hospitali kubwa nje ya mkoa, mama yake akabaki na biashara. Fundi wa maabara, kijana mkarimu, alituruhusu kuona. Alichanganya tone la damu na kimiminika, akadondosha kidogo kwenye karatasi ya chujio, akaiacha ikauke, akazima taa ya chumba na kuwasha taa ndogo ya zambarau. Tone la mtu mzima wa afya, lililowekwa kwa ajili ya kulinganisha, liling'aa kwa mwanga wa bluu uliofifia. La mpwa wangu lilibaki jeusi. La kwangu, lililokuwa pembeni yake, nalo lilibaki jeusi. Mtoto aliuliza kwa nini yetu hayawaki, na kijana yule alimjibu kwa utaratibu, akimwita "mdogo wangu", kwamba kuna kitu kidogo damu yetu haitengenezi, na kwamba ataishi vizuri tu akijua asinywe dawa gani.

Nyumbani jibu hilo halikupokelewa kwa utulivu huo. Mara tu ilipojulikana kuwa mimi na mtoto tuna hali moja, mkwe wa dada yangu alisema sentensi ambayo nadhani imesemwa katika nyumba nyingi: "Kwa hiyo ni ugonjwa wa kwenu. Sisi huku hatuna." Kwa kipimo cha sayansi alikuwa na haki nusu. Jeni ya G6PD imo katika kromosomu ya X, na mvulana huipata X yake kwa mama tu. Mama aliyebeba jeni hiyo katika X moja, kama dada yangu, humpa kila mtoto wa kiume nafasi nusu kwa nusu ya kuwa na upungufu, na kila binti nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji. Baba mwenye upungufu, kama mimi, hawapi wanawe wa kiume kabisa, lakini huwapa mabinti zake wote. Wanawake wabebaji wengi hawapati shida, ingawa baadhi yao huipata, kwa kuwa katika kila seli ya mwanamke X moja huzimwa kwa kubahatisha, na wapo ambao iliyozimwa zaidi ni ile nzima.

Nusu ambayo mkwe hakuwa na haki nayo ni pale alipodhani kuna kosa. Nilimweleza, kwa adabu inayostahili kwa mtu wa umri wa mama yangu, kwamba jeni hii imeenea katika nchi zenye malaria kwa sababu. Mwaka 1960 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, na ambaye mwaka 1954 alikuwa ameonyesha uhusiano wa selimundu na malaria, alichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wake wa upungufu wa G6PD kwa watu wa Afrika Mashariki, akionyesha kuwa unapatikana zaidi kwa jamii zilizoishi penye malaria nyingi. Ulinzi huo si wa bure wala si kamili. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa kwa walio na upungufu mkubwa unaweza kupunguza hatari ya malaria ya ubongo na papo hapo kuongeza hatari ya upungufu mkali wa damu. Hata hivyo, mtu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika anayeishi leo na jeni hii amerithi kitu ambacho huenda kiliwavusha bibi zake utotoni, kabla ya chandarua na kabla ya dawa mseto. Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama basi wajukuu wengine nao wapimwe. Hilo lilinitosha.

Lawama za aina hii hazikuanza na damu yetu. Mwaka 1908 daktari wa Kiingereza Archibald Garrod alitoa mihadhara London akieleza kwamba kuna magonjwa ambayo mtu huzaliwa nayo kwa sababu hatua moja ya shughuli za kikemia mwilini imekatika, na kati ya mifano yake minne ulikuwemo ualbino. Sisi wa mkoa huu tunajua gharama ya watu kutoelewa jambo hilo: kituo cha Kabanga, wilayani Kasulu, kilihifadhi watoto na watu wazima wenye ualbino waliokuwa wakiwindwa kwa ajili ya imani za kishirikina. Mwili wao ulikuwa umekosa kutengeneza melanini, rangi ya asili ya ngozi, ya kutosha, basi. Nikilinganisha, maneno ya mkwe yalikuwa madogo sana, lakini yanatoka katika hitaji lilelile la kumtafuta mwenye hatia.

Ujuzi wetu wa upungufu wa G6PD wenyewe ulizaliwa kwa njia isiyopendeza. Dawa ya malaria iitwayo primakwini ilijaribiwa kwa wafungwa wa gereza la Stateville, jimbo la Illinois, Marekani, na watafiti waliona kuwa baadhi yao, hasa wenye asili ya Afrika, walivunjikiwa na damu baada ya kuimeza. Mwaka 1956 kundi la Paul Carson na Alf Alving lilitangaza kuwa kinachokosekana katika chembe zao ni G6PD. Kwamba elimu inayomlinda mpwa wangu ilipatikana kutokana na damu ya wafungwa ambao uhuru wao wa kukataa una mashaka ni jambo ambalo sipendi lipitwe kimyakimya.

Tangu hapo orodha ya dawa za kuepukwa imepanuka na kupungua kadiri ushahidi ulivyoongezeka. Primakwini katika dozi kamili imo. Imo dapsoni, inayotumika kutibu ukoma. Dawa ya malaria iliyoichanganya, Lapdap, iliondolewa sokoni mwaka 2008 baada ya majaribio kuonyesha kuwa watoto wenye upungufu huu walipungukiwa damu. Zimo nitrofurantoini, asidi ya nalidiksiki na methilini bluu. Kwa upande mwingine, dawa mseto, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria mwishoni mwa mwaka 2006, haina tatizo kwetu, na parasetamoli katika dozi ya kawaida pia. Hata primakwini yenyewe, kwa dozi moja ndogo ya miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, inayotolewa kuzuia mbu wasibebe vimelea, Shirika la Afya Duniani liliruhusu mwaka 2012 itumike bila kupima kwanza. Ninataja haya kwa sababu nimewaona watu walioambiwa wana upungufu wa G6PD wakiogopa kila kidonge, hadi kukataa kutibiwa malaria. Hofu hiyo ina hatari kuliko upungufu wenyewe, kwa kuwa maambukizi makali, iwe malaria au nimonia, nayo huvunja damu ya mwenye hali hii.

Hofu ya pili ni ya maharage, na kwa Kigoma hii si hofu ndogo. Mtu alisoma kwenye simu kuwa mwenye upungufu wa G6PD hali maharage, na kwa majuma kadhaa mpwa wangu alitengewa sahani yake, akitazama wenzake wakila ugali wa muhogo na maharage ya Kasulu yaliyoungwa kwa mawese. Maharage yanayozungumzwa ni faba, aina nyingine ya mmea, inayoliwa sana nchi za Mediterania na Mashariki ya Kati, yenye kemikali mbili, visini na konvisini, ambazo maharage yetu ya kawaida hayana. Kumnyima mtoto wa huku maharage ni kumnyima protini anayoipata kwa bei nafuu, bila faida yoyote. Dada yangu alipohakikishiwa hilo na daktari alirudi nyumbani akamchotea mtoto sahani iliyojaa, na mtoto akaugua tumbo kwa kushiba tu.

Tiba ya kurudisha kimeng'enya chenyewe haipo katika matumizi ya kawaida, na kwa kweli wengi wetu hatuihitaji. Kinachohitajika ni habari imfuate mtu popote anapokwenda. Katika nchi nyingine vichanga hupimwa magonjwa ya kurithi ya namna hii kwa tone la damu ya kisigino, utaratibu ulioenea baada ya Robert Guthrie kubuni kipimo cha ugonjwa wa fenilketonuria mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapa kwetu kichanga hapimwi hivyo kwa kawaida, kwa hiyo familia ndiyo inayobeba kumbukumbu. Daktari aliandika kwa kalamu nyekundu juu ya kadi ya kliniki ya mpwa wangu maneno "UPUNGUFU WA G6PD", na chini yake majina ya dawa tano. Dada yangu aliipiga picha, na picha hiyo ipo katika simu yake, ya shemeji, yangu na ya mwalimu wa darasa. Bibi alitoa naftalini zote sandukuni, akaanika vitenge nje kutwa nzima, na siku hizi ndiye anayewauliza wanawake wa mtaani kwake wanaokaribia kujifungua wanahifadhije nguo za mtoto. Muuza dawa yule nilimwendea kwa amani na kumwonyesha kadi. Aliinakili ile orodha na kuibandika ndani ya kabati lake, ingawa sina hakika kama kipimo cha mkojo kimeanza kuulizwa.

Kwa upande wangu, kipimo kile kilinifafanulia ugonjwa ulionipata nikiwa shule ya bweni Tabora, nilipogeuka manjano macho baada ya kutibiwa homa, wenzangu wakahamisha vitanda vyao mbali na changu. Kilinipa pia jukumu ambalo mpwa wangu bado hajalifikia. Nina mvulana mmoja na mabinti wawili. Mvulana hawezi kuwa ameupata kwangu. Mabinti wote wawili wameibeba jeni, na hilo halihitaji kupimwa ili lijulikane, ingawa kiasi cha kimeng'enya walicho nacho kila mmoja kinahitaji kupimwa, na tumeshapanga. Niliwaketisha nikawaeleza. Mdogo alitaka kujua kama ataacha maharage. Mkubwa, aliye kidato cha nne, aliuliza kama atapaswa kumwambia mchumba siku atakapompata. Mama yake alisema ndiyo, tena mapema. Mimi nilisema wa kwanza kuambiwa awe mkunga, na mpaka sasa hatujakubaliana.